Nafasi ya Mbele Yako: Anayegonga kwa Nyuma Ana Kosa Gani?



Tumezoea kuongea hapa juu ya maji ya kunywa, chandarua, vumbi la mawe na kofia ya kazi. Leo tunaingia barabarani. Mtu atauliza: msaidizi wa mganga anatafuta nini katika mambo ya mashofere? Jibu si refu. Polisi huona alama za matairi chini, fundi huona bati lililokunjwa, na sisi wa dispensari tunaletewa mguu. Kijana amepanda pikipiki, anafuata kamio karibu sana ili asibaki nyuma peke yake njiani. Mbuzi anakatiza barabara, kamio inasimama, kijana hasimami. Goti lake linakutana na bao la nyuma la kamio. Toka hapo ni banzi, ni uchungu, ni miezi bila kazi, na pengine mguu hautakunjika tena kama zamani.

Somo la leo ni hili: nafasi iliyoko kati yako na gari la mbele ni mali yako wewe unayefuata. Yule wa mbele hana macho kisogoni, hawezi kuipima wala kuitunza. Ikipungua, mara nyingi ni wewe uliyeipunguza. Kwa hiyo ikileta hasara, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

MGUU HUCHELEWA

Jicho linaona, ubongo unafahamu, ndipo mguu unapokanyaga freni. Safari hiyo ndani ya mwili, kwa mtu mzima wa afya aliyelala vizuri, hula karibu sekunde moja. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu meta 17 katika sekunde moja. Meta 17 zimekwisha, na freni bado haijaguswa!

Halafu freni yenyewe inaanza kazi. Kwenye udongo mkavu wenye changarawe, gari jepesi la mwendo huo linahitaji karibu meta 30 tena ili lisimame. Kwenye matope laweza kuhitaji meta 50 au zaidi. Jumlisha sasa: karibu meta 45 wakati wa kiangazi, meta 65 na zaidi wakati wa mvua. Nenda kapime kwa hatua zako uone ni mbali namna gani.

Punguza mwendo mpaka kilometa 30 kwa saa. Sasa mguu unakula meta 8, na freni inakula kama meta 7 au 8 penye ukavu. Tazameni vizuri: mwendo umegawanywa kwa 2, lakini kazi ya freni imegawanywa kwa 4. Ndiyo sababu shofere mzee anayekwenda polepole si mwoga. Amefanya hesabu, hata kama hakuisoma shuleni.

Wengine watabisha: «Yule wa mbele naye anahitaji nafasi ya kusimama, kwa hiyo sote wawili tutasimama pamoja.» Ni kweli akikanyaga freni, na ikiwa freni zenu ni sawa na mzigo wenu ni sawa. Lakini akigonga mti, au akizama katika shimo, au akikuta kamio nyingine imelala njiani, yeye atasimama mara moja. Tena jipu tupu husimama upesi kuliko kamio yenye tani 10 za mifuko na watu juu yake. Shofere wa kamio anayesukuma jipu kwa taa na honi amesahau jambo hilo.

Namna ya kupima haihitaji kamba. Chagua mti, daraja au pembe ya nyumba iliyo mbele. Nyuma ya gari unalofuata ikipita pale, anza kuhesabu polepole: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu, elfu moja na nne. Kila neno ni karibu sekunde moja. Katika nchi zenye barabara za lami wanafundisha sekunde 2 penye ukavu na 4 wakati wa mvua. Kwetu, kwa udongo mwekundu wa Wamaza na wa njia zote kati ya Kasongo na Kabambare, sisi tungesema 4 ndiyo mwanzo, na matope yakiwapo uongeze. Ukifika kwenye mti kabla ya kumaliza kuhesabu, ondoa mguu kwenye mafuta kidogo, kisha hesabu upya kwa mti mwingine.

«Lakini nikiacha nafasi, mwingine ataingia.» Na aingie. Punguza kidogo tena. Umepoteza sekunde chache tu, na Kasongo haitahama.

VUMBI

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vya mashofere vilivyoandikwa Ulaya havisemi mengi juu ya vumbi. Toka Juni mpaka Agosti kamio moja tu yatosha kufunika njia nzima. Anayefuata anaona ukuta mwekundu. Na kitu cha ajabu hutokea: badala ya kubaki nyuma, anakaribia, ili aone taa za yule wa mbele. Akiisha kuziona, yuko karibu sana, hawezi tena kujiokoa. Au anachoka na vumbi, anataka kupita. Anatoka upande wa kushoto bila kuona, na ndani ya vumbi hilohilo anatoka mtu anayesukuma velo yenye bidoni sita za mafuta ya ngazi.

Ikiwa huoni magurudumu ya gari la mbele, wewe humfuati mtu, unatembea umefumba macho. Baki nyuma mpaka vumbi litue na njia ionekane. Ikiwa hakuna upepo wa kulipeleka pembeni, simama pembeni kabisa, mahali panapoonekana, ungoje. Washa taa fupi mchana huohuo, ili anayekuja nyuma yako naye akuone, maana wewe nawe una vumbi lako. Tena taa za nyuma zipanguswe kila mnaposimama. Tumekwisha kuona taa nzima, balbu nzuri, imepakwa udongo mpaka haitoi kitu.

Wenye pikipiki wana taabu zaidi. Gurudumu la mbele likifungwa ghafula juu ya changarawe, pikipiki inalala. Ukiwa na abiria wawili na gunia, usifikiri utasimama kama mtu aliye peke yake. Mama aliyepanda nyuma na mtoto mgongoni ana haki ya kumgonga kijana begani na kumwambia: «Baba, acha nafasi, ama unishushe hapa.» Asione haya. Nauli aliyolipa ni ya kufika.

Kwa wale wanaofanya kazi machimboni na kamio kubwa za bene, kuna jambo moja zaidi. Shofere aliyekaa juu kule haoni gari dogo lililojibana nyuma yake. Na bene iliyojaa, ikishindwa kupanda, yaweza kurudi nyuma kabla ya freni kushika. Ndiyo sababu sheria za machimbo huweka nafasi kwa meta na kuiandika kwenye vibao, wala haziachii kila mtu akadirie kwa macho yake. Fuateni meta za pale mnapofanya kazi, hata kama njia ni nyeupe na hakuna mtu.

MWILI UNAODANGANYA SAA

Tumesema sekunde moja kwa mtu mwenye afya. Homa ya malaria inairefusha. Pombe inairefusha, hata chupa ile moja ambayo mtu huapa kwamba haikumfanya kitu. Na usingizi vilevile: mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 hufanya kazi vibaya sawasawa na aliyekunywa mpaka kufikia kipimo ambacho nchi nyingi humkataza shofere. Hesabu basi: uliyeamka saa 11 alfajiri, ikifika saa 4 ya usiku uko pale. Anayetoka kazi ya usiku na kushika usukani asubuhi, afadhali alale kwanza.

Kuna pia dawa. Prometazini na klorofeniramini, ambazo watu hununua sokoni kwa mafua au kwa kujikuna, huleta usingizi. Diazepamu huleta usingizi zaidi. Kinini yaweza kuvuruga macho na kuleta kelele masikioni. Ukipewa dawa kwetu au mahali pengine, sema wazi: «Mimi ni shofere.» Wengi hunyamaza kwa sababu wanaogopa kukosa siku ya kazi. Tunaelewa. Lakini aliyenyamaza ametunyima neno moja ambalo lingetufanya tumpe dawa nyingine.

KOSA NI LA NANI?

Sasa tufike kwenye magomvi. Gari limegonga jingine kwa nyuma, watu wamejaa, kila mmoja ni jaji. Aliyegonga analia: «Alisimama ghafula!»

Nchi yetu ina sheria ya barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1977, ilikwisha kuingia katika mkataba wa mataifa juu ya barabara uliofanywa Vienna mwaka 1968. Mkataba huo unasema kwamba anayefuata gari sharti aache nafasi ya kutosha ili asiligonge ikiwa la mbele litapunguza mwendo au kusimama ghafula. Sikilizeni neno hilo: ghafula. Limo katika amri yenyewe. Kwa hiyo kusema «alisimama ghafula» hakumwondolei mtu kosa. Ni kama kukiri kwamba hakujiandaa kwa kitu kilekile alichoamriwa kujiandaa nacho.

Mkataba una neno pia kwa kamio. Nje ya miji na vijiji, gari linalopita kilo 3500, au lenye urefu unaopita meta 10, liache nafasi ambayo gari jepesi linalopita litaweza kuingia bila hatari. Kamio tatu zinazofuatana kama gari moshi, bao kwa pua, zimevunja amri hiyo hata kama hakuna aliyegonga.

Lakini tusiseme kwamba aliyegonga kwa nyuma ana kosa siku zote. Mkataba huohuo unamkataza shofere wa mbele kufunga freni kwa nguvu bila sababu ya usalama. Aliyesimama ghafula kwa ajili ya mtoto ana haki. Aliyesimama ghafula katikati ya njia kwa sababu ameona shemeji yake ana ndizi za kuuza, huyo naye ataulizwa. Vilevile aliyepita na kukukatia mbele, akaila nafasi yako, kisha akakanyaga freni. Vilevile anayerudi nyuma kilimani: kwa macho inaonekana umemgonga, kumbe ni yeye aliyekujia. Na katika magari matatu, wa katikati aliyekuwa amekwisha kusimama akasukumwa na wa tatu, hawezi kubeba kosa la aliyemsukuma. Jaji anaweza kugawanya kosa, huyu sehemu hii, yule sehemu ile. Ila aliye nyuma ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba aliacha nafasi, na kazi hiyo si nyepesi bila mashahidi.

Kosa zito la aliye mbele, kwa maoni yetu, ni kamio iliyokufa usiku na kuachwa njiani bila taa wala alama. Ikiharibika, weka pembetatu mbali nyuma yake, au matawi mabichi ikiwa huna, kwanza mbali, kisha karibu zaidi, ili anayekuja apunguze kwa hatua. Acha mtu mwenye tochi, asikae ndani ya kamio wala chini yake. Na ukiisha kutengeneza, ondoa matawi na yale mawe uliyoweka chini ya magurudumu! Mawe hayo yanayosahauliwa njiani humwua mwenye pikipiki wa saa mbili za usiku, ambaye hakujua hata kwamba kulikuwa na kamio.

Malipo je? Kitabu cha sheria za kiraia, kilichotoka katika amri ya mwaka 1888, kinasema aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake sharti ailipe, na bwana wa kazi hujibu kwa hasara iliyoletwa na mtumishi wake katika kazi. Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973 iliamuru kila gari liwe na asiransi kwa hasara ya watu wengine. Kwa hiyo mashofere wengine husema: «Kampuni italipa, asiransi italipa.» Feza, ndiyo. Lakini kitabu cha adhabu kinamhesabu kuwa na hatia hata yule aliyeua bila kutaka, kwa kukosa kuona mbele na kukosa kujihadhari, na adhabu ni kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Hakuna kampuni wala asiransi inayoingia gerezani badala ya shofere.

Ikitokea, basi, magari yasiondolewe kabla ya kupiga alama chini, isipokuwa kama kuna mtu wa kuokoa au hatari nyingine. Andika namba za magari, saa, hali ya njia, majina ya mashahidi wasio ndugu zako. Picha ya simu inafaa sana, ya magari yote mawili na ya njia, si ya majeruhi. Usikimbie; ukiogopa kupigwa na watu, nenda moja kwa moja polisi ujitaje. Na wewe uliyesimama kutazama, usimpige shofere. Hujui bado kosa ni la nani, na utaniletea majeruhi wa pili.

Ili mwone kwamba jambo hili si la makamio ya kwetu tu: tarehe 10 Desemba, mwaka 2016, usiku, mahali panapoitwa Karai karibu na Naivasha nchini Kenya, kwenye barabara nzuri ya lami, kamio iliyobeba mzigo unaowaka upesi ilishindwa kujizuia ikaparamia magari mengine. Moto ulilipuka. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wakiwa ndani ya magari yao, hawajafanya kosa lolote. Lami nzuri haikuwasaidia; mzigo mzito ulikuwa unateremka.

BAADA YA KUGONGANA

Jambo la kwanza ni mafuta. Zima magari, hakuna sigara, watu wasogee mbali. Hapa Kongo hatuna ruhusa ya kusahau Sange, katika Kivu ya Kusini: tarehe 2 Julai 2010 kamio ya mafuta ilipinduka kijijini, watu wakaja kuteka, na moto ukawaua zaidi ya 230, pamoja na wale waliokuwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia karibu na hapo. Mama akisikia kwamba kamio ya mafuta imeanguka, awafungie watoto ndani, wala asiwatume na bidoni.

Majeruhi asivutwe kwa mikono kama gunia. Aliyegongwa kwa nyuma, kichwa chake kimerushwa nyuma kisha mbele, na shingo yaweza kuwa imeumia. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili, wengine wamlaze juu ya ubao au mlango. Damu inayotoka, bonyeza juu yake kwa kitambaa safi, bila kuachia kila mara ili kutazama. Usimpe maji wala chai, hata akiomba, maana pengine atapasuliwa.

Kuna ugonjwa mmoja unaotudanganya. Katika nchi yetu ya malaria, watu wengi, watoto zaidi, wana wengu, yaani bandama, lililovimba. Lina damu nyingi na ngozi yake ni nyembamba. Mtu aliyekuwa juu ya mzigo anatupwa, anapigwa ubavu wa kushoto na ubao wa kamio. Anasimama, anajipangusa, anasema: «Si kitu.» Anakwenda nyumbani kwa miguu. Jioni anaona kiu, anatoka jasho la baridi, tumbo linauma, bega la kushoto linauma bila kugongwa, midomo inakuwa myeupe, moyo unakwenda mbio. Huyo anavuja damu ndani. Pengine dalili huja siku hiyohiyo, pengine baada ya siku kadhaa. Asipewe majani, asikandwe tumbo, asingoje asubuhi. Aletwe usiku uleule, amelala, na aliyekuwa naye kwenye gari aje pia, atueleze aligongwa wapi na saa ngapi. Vilevile aliyepigwa kichwa kisha anatapika au analala usingizi usio wa kawaida, na mwenye shingo inayouma kesho yake pamoja na ganzi mikononi. Mlango wa dispensari hugongwa saa yoyote.